The Grand Tour na macho ya Kampala: kwa nini kipindi cha magari cha mabilioni kinapendwa na kulalamikiwa kwa wakati mmoja

Tarehe 13 Septemba 2024, Waingereza watatu, Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May, waliwaaga watazamaji wao katika sehemu ya mwisho ya kipindi cha The Grand Tour walichokitangaza pamoja. Safari hiyo ilipita Zimbabwe na kukomea Kubu, kilima cha mawe na mibuyu kilichoinuka katikati ya uwanda wa chumvi wa Makgadikgadi nchini Botswana. Mahali hapo palichaguliwa kwa makusudi. Mwaka 2007, wakiwa bado watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha BBC, watu hao hao walikuwa wamevuka uwanda huo huo kwa magari makuukuu.

Hivyo kipindi kilichosifiwa kwa utajiri wa Ulaya na Marekani kilifunga pazia lake katika ardhi ya Afrika. Kwa mtazamaji aliyeko Kampala, jambo hilo lina uzito wake. Afrika, na Uganda yenyewe, ilikuwa uwanja wa safari kadhaa za watangazaji hao. Swali ni je, wenyeji wa barabara hizo walionekana vipi, nao wana haki gani ya kusema lolote kuhusu walichokiona?

Kipindi hiki kilitoka wapi?

Mwezi Machi 2015, BBC ilikataa kuongeza mkataba wa Clarkson baada ya kumshambulia mtayarishaji wa Top Gear. Hammond na May waliondoka pamoja naye, na mwezi Julai mwaka huo kampuni ya Amazon ya Marekani ikatangaza kwamba imewachukua wote watatu, pamoja na mtayarishaji wao wa siku nyingi, Andy Wilman.

Sehemu ya kwanza ya The Grand Tour ilitoka tarehe 18 Novemba 2016. Vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba Amazon ilitenga takriban pauni milioni 160 kwa sehemu 36 zilizopangwa kwa miaka mitatu. Ukigawanya hesabu hiyo, kila sehemu inapata zaidi ya pauni milioni nne. Tarehe 14 Desemba 2016, Amazon ilifungua huduma yake ya video katika nchi na maeneo zaidi ya 200, Uganda ikiwa miongoni mwao, na kipindi hicho kilikuwa kivutio chake kikuu.

Katika msimu wa kwanza, watangazaji walisafiri na hema kubwa lililosimikwa kila mara mahali papya: jangwa la California, Johannesburg, Whitby, Rotterdam, Dubai na kwingineko. Ndani ya hema walikaa watazamaji wa mahali hapo, na katikati ya mazungumzo zilionyeshwa filamu fupi za magari na safari.

Watazamaji walilalamikia nini?

Malalamiko makubwa ya mwanzo hayakuhusu magari. Wengi walisema kwamba mizaha ilikuwa imeandikwa mno, kiasi kwamba ajali na mikwamo iliyopaswa kushtua ilionekana imepangwa tangu mezani. Sehemu ya wageni mashuhuri, ambamo kila mgeni alijifanya amekufa kabla ya kufika hemani, ilichosha haraka. Dereva wa majaribio kutoka Marekani, Mike Skinner, aliyepewa nafasi ya mtu anayedharau kila gari lisilo la nchi yake, hakupendwa.

Amazon na watayarishaji walisikia. Msimu wa pili, ulioanza Desemba 2017, haukuwa na Skinner wala mzaha wa wageni kufa, na hema likaacha kuhamahama, likawekwa Uingereza katika eneo la Cotswolds. Baada ya msimu wa tatu, mwaka 2019, hema lenyewe likaondolewa kabisa. Kilichobaki ni safari ndefu peke yake, moja au mbili kwa mwaka: watu watatu, magari matatu, nchi ngeni na njia mbovu.

Mabadiliko hayo yanafundisha jambo. Fedha nyingi zilimwagwa kwenye hema, kwenye wageni na kwenye gwaride la magari ya kifahari katika jangwa la California. Hata hivyo, kilichodumu ni kile ambacho watangazaji hao walikuwa wakikifanya tangu zamani kwa gharama ndogo zaidi: kununua gari lililotumika, kulikokota mahali lisikotarajiwa kufika, na kuona litaharibika nini kwanza. Kwa mkazi wa Kampala, mchezo huo hauhitaji mkalimani. Ndio maisha ya barabara anazozijua.

Uganda ilivyoingia kwenye skrini

Kabla ya Amazon, watangazaji hao walikwisha kufika Uganda. Safari yao ya Afrika ilionyeshwa na BBC mwezi Machi 2013 katika sehemu mbili za Top Gear. Kila mmoja alipewa pauni 1,500 kununua stesheni wagoni iliyotumika. Clarkson alichukua BMW 528i, May akachukua Volvo 850R, na Hammond akachagua Subaru Impreza WRX. Lengo lililotajwa lilikuwa kutafuta chanzo halisi cha mto Nile. Safari ilipita Uganda na Rwanda, ikaishia Tanzania.

Kwa Mganda, hapo ndipo penye utamu na uchungu kwa pamoja. Mtoto wa shule ya msingi nchini Uganda anafundishwa kwamba Nile inaanzia Jinja, ambako maji ya Ziwa Victoria yanatoka kuelekea kaskazini. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo Julai 1862 na kuyapa maporomoko jina la Ripon. Maporomoko hayo yalimezwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Wanajiografia nao wana hoja yao: ziwa lenyewe linalishwa na mito, na mkubwa kuliko yote ni Kagera, ambao vijito vyake vya mbali vinatoka Rwanda na Burundi. Mjadala huo ni wa kweli, na umeendelea kwa zaidi ya karne moja.

Kipindi kiliuchukua mjadala huo na kuufanya kisingizio cha mashindano ya magari. Hakuna ubaya katika hilo, kwa kuwa burudani haina deni la somo la jiografia. Lakini mzaha wa Waingereza watatu wanaokwenda "kugundua" chanzo cha Nile unagusa kumbukumbu ya zamani. Speke naye alisemwa amegundua ziwa ambalo watu wa kandokando yake walikuwa na majina yao wenyewe kwa ajili yake, na walilivua samaki tangu enzi za mababu. Watangazaji walijua hivyo na waliwacheka wavumbuzi wa zamani kwa kuwaiga. Mtazamaji wa London huenda aliona kejeli. Mtazamaji wa Jinja aliweza kuona kejeli hiyo na bado akauliza kwa nini mwenyeji wake hakuulizwa mto unaanzia wapi.

Gari kuukuu si mzaha mjini Kampala

Ipo sababu nyingine inayowafanya watazamaji wa Kampala wakikaribie kipindi hiki kuliko vingine vya aina yake. Vipindi vingi vya magari husifu magari mapya ambayo Mganda wa kawaida hatayagusa. Safari za watangazaji hawa zilisifu magari ya miaka ishirini iliyopita, na sehemu kubwa ya magari yanayotembea Uganda ni yale yaliyotumika kwanza ng'ambo, hasa Japani. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, ilhali Kenya imeweka kikomo cha miaka minane.

Hivyo gari ambalo mtazamaji wa Manchester analiona kama masalia ya ujana wake, mtazamaji wa Ntinda analiona kama gari la jirani. Anajua vipuri vyake vinapatikana soko la Kisekka kwa bei gani. Anajua ni fundi yupi wa Katwe anayeweza kuchomelea kipande kilichokatika ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza. Hammond alipopita katika ardhi ya Uganda na Subaru Impreza, alikuwa akiendesha gari lenye mashabiki wake humo, katika nchi yenye mashindano ya Pearl of Africa Rally na iliyomtoa dereva wa mbio za magari Charlie Lubega. Mtu wa namna hiyo hatazami kwa kushangaa. Anatazama kwa kusahihisha.

Hapo ndipo mapenzi na manung'uniko yanapokutana. Kipindi kinalipa gari la zamani heshima ambayo matangazo ya biashara hayalipi. Papo hapo, kinafanya kukwama kuwa mchezo. Watangazaji wakikwama kwenye tope, nyuma ya kamera lipo kundi la wafanyakazi, magari ya akiba, mafundi na daktari. Dereva wa teksi ya abiria 14 anayekwama njiani wakati wa mvua ana abiria wanaodai nauli yao, mwenye gari anayengoja hesabu ya jioni, na polisi wa trafiki mbele yake. Tope ni lile lile, na dhiki ni tofauti.

Mfano wa Msumbiji

Safari inayoonyesha jambo hili waziwazi ni ile ya Msumbiji, iliyotolewa mwaka 2018. Watangazaji walijipa kazi ya kusafirisha samaki kutoka pwani hadi bara. Clarkson alitumia pikapu ya Nissan, May akatumia Mercedes-Benz ya zamani, na Hammond akapewa pikipiki. Mzaha mkubwa ulikuwa kuona Hammond akianguka na mzigo wake mara kwa mara kwenye njia ya matope.

Ukiangalia jambo hilo kutoka Kampala, jiji ambalo bodaboda hubeba abiria, magodoro, milango, mikungu ya matoke na samaki kutoka maegesho ya ziwani, mzaha unageuka. Mtazamaji anaweza kucheka hadi machozi, kwa sababu anajua hasa Hammond alikosea wapi: mzigo haukufungwa sawasawa, uzito ulikaa nyuma mno, na breki ilikamatwa pasipotakiwa. Lakini anajua pia kwamba anguko la kweli haliishii kwenye kicheko. Ajali za barabarani zimeua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka nchini Uganda katika miaka ya karibuni, na waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya waathirika.

Hii haina maana kwamba watangazaji walikuwa salama daima. Juni 2017, Hammond alitoka njiani na gari la umeme la Rimac nchini Uswisi. Gari lilibiringika na kuteketea, naye akavunjika goti. Hatari yao ilikuwa ya kweli. Tofauti ni kwamba waliichagua, walilipwa kwa ajili yake, na helikopta ilikuwepo kuwapeleka hospitali.

Nani anaonekana na nani anasikika?

Lawama nzito zaidi dhidi ya safari za aina hii, kuanzia Top Gear hadi The Grand Tour, ni kwamba mwenyeji huonekana pasipo kusikika. Anapunga mkono, anasukuma gari, anashangaa, kisha kamera inaondoka. Jina lake halitajwi, na kauli yake, ikiwepo, ni fupi.

Watetezi wa kipindi wana jibu linalostahili kusikilizwa. Wanasema mcheshi anayedharauliwa katika safari hizo ni Mwingereza mwenyewe: mzembe, mbishi, asiyejua kutengeneza chochote, anayeokolewa na watu wenye akili kuliko yeye. Wanaongeza kwamba safari hizo ziliwaonyesha mamilioni ya watu milima, maziwa na miji ya Afrika bila vita na bila njaa, jambo ambalo taarifa za habari hazikulifanya mara nyingi.

Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Lakini jibu la watetezi halitoshi likipimwa kwa Kampala ya leo. Mwaka 2011, miaka miwili kabla ya safari ya kutafuta chanzo cha Nile kuonyeshwa, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha hadharani Kiira EV, gari dogo la umeme la viti viwili walilolibuni wenyewe. Mwaka 2016, mwaka ule ule The Grand Tour ilipoanza, mradi huo ulizindua Kayoola, basi linalotumia umeme na kuongezewa nguvu na jua. Kampuni iliyozaliwa humo, Kiira Motors, ikajenga kiwanda chake Jinja, mahali pale pale Speke aliposimama. Kipindi cha magari kingepata kisa kizuri hapo. Anayeitazama Afrika kama njia mbovu ya kupimia magari ya Ulaya, hata kwa upendo, hawezi kukiona kisa hicho.

Kinafikaje kwa mtazamaji?

Kipindi cha mabilioni hakimfikii mtazamaji wa Kampala kwa njia ya mabilioni. Top Gear ilifika kwa king'amuzi cha kulipia, kupitia chaneli za BBC. The Grand Tour ilihitaji kadi ya benki, ada ya kila mwezi na intaneti yenye nguvu. Saa moja ya video yenye picha safi inaweza kula takriban gigabaiti tatu za bando. Mwaka 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti lenyewe, inayomgusa kila anayetazama video.

Haishangazi, basi, kwamba njia ya pembeni imekuwa njia kuu. Mjini Kampala yapo maduka madogo ambako mteja huenda na flashi yake na kujaziwa filamu na vipindi kwa bei ya chini. Uganda haiko peke yake katika hilo. Mwishoni mwa mwaka 2016, kampuni ya Muso, inayofuatilia unakili haramu, ilikadiria kwamba sehemu ya kwanza ya The Grand Tour ilipakuliwa bila malipo mara milioni 7.9 duniani. Ukweli huo una upande wa sheria, nao una upande wa haki ya mbunifu kulipwa. Una upande wa tatu pia: mtazamaji asiyehesabika kama mteja hahesabiki kama mtoa maoni. Mwenye kipindi huhesabu wateja, na wa flashi hayumo.

Kizuizi kingine ni lugha. Utani wa Clarkson umejengwa juu ya Kiingereza cha Uingereza, majina ya mitaa yake na ugomvi wa matabaka yake. Kampala ina ufundi wake wa kuvuka kizuizi kama hicho: wafasiri wa filamu wanaoitwa vijei, ambao husimulia kwa Kiganda juu ya sauti ya filamu, wakiongeza maoni, majina ya mitaa ya Kampala na mizaha yao wenyewe. Wazungumzaji wa Kiswahili jijini, walio wachache mbele ya Kiganda na Kiingereza, hawana utamaduni mpana wa namna hiyo. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaridhia Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Burudani ya skrini haijafuata kasi hiyo.

Malalamiko yapelekwe wapi?

Top Gear ilipokuwa BBC, mtazamaji aliyeudhika alikuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 2011, BBC iliomba radhi kwa balozi wa Mexico baada ya watangazaji kuwakejeli Wamexico. Mwaka 2014, Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini Uingereza, iliamua kwamba safari ya Burma ilikiuka kanuni kwa kutumia neno linalowadhalilisha watu wa asili ya Asia.

Kipindi kilipohamia Amazon, mlango huo ulifinywa, kwa kuwa video za kulipia mtandaoni zilikuwa chini ya kanuni nyepesi kuliko televisheni ya kawaida. Uingereza ilipitisha sheria mpya ya vyombo vya habari mwezi Mei 2024 inayoipa Ofcom uwezo wa kuweka kanuni kwa huduma kubwa za mtandaoni. Kwa mtazamaji wa Kampala, hata hivyo, umbali haujapungua sana. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ina mamlaka juu ya vituo vilivyopewa leseni ya kutangaza nchini. Kipindi kilichotengenezwa na Waingereza na kusambazwa na kampuni ya Marekani kiko mbali na meza yake.

Kumbukumbu itakayobaki

Januari 2024, Amazon ilitangaza kupunguza uwekezaji wake katika vipindi vya Afrika na Mashariki ya Kati na kuelekeza fedha Ulaya. Miezi minane baadaye, ikatoa safari ya Zimbabwe na Botswana. Kwa maneno mengine, fedha za kuipiga picha Afrika zilikuwepo, wakati fedha za Mwafrika kujipiga picha mwenyewe zilikuwa zikipungua.

Mtazamaji wa Kampala hapaswi kuchagua kati ya kucheka na kulalamika. Anakipenda kipindi hiki kwa sababu kinayachukulia kwa uzito magari anayoyaendesha, na anakilalamikia kwa sababu hakimchukulii kwa uzito ule ule yeye anayeyaendesha. Kasoro hiyo haiondolewi kwa kuongeza pauni. Ingepungua iwapo kamera ingesimama kidogo Kisekka au Katwe, ikamuuliza fundi jina lake, na kumwacha aeleze alivyolifanya gari lililotupwa Ulaya litembee miaka kumi zaidi.